Kuambua Tando za Ndani ya Jicho

Katika upasuaji wote autendao binadamu juu ya mwili wa binadamu mwenziwe, ni nadra kuipata kazi idaiyo mkono mwepesi kuliko ile ya kuambua utando uliogandama juu ya retina, kwa kuwa utando wenyewe, ambao pengine unene wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita, hauonekani ila kwa hadubini na kwa taa iliyoingizwa ndani ya jicho, na kile ulichogandamana nacho ndicho hicho ambacho mgonjwa anakitumainia kumwonyesha nyuso za watoto wake. Mpasuaji wa mguu au wa tumbo akipitisha kisu kidogo mbele ya mahali alipokusudia, mwili una njia nyingi za kuziba kosa hilo. Nyama huota, ngozi hufunga, kovu hubaki na mtu huenda zake. Retina haioti tena. Kwa hiyo tabibu anayeishughulikia hana budi kuutafuta mpaka uliopo baina ya kitu kigonjwa na kitu kizima, auingie mpaka huo kwa ala nyembamba, na aufuate pole pole hadi vitu viwili vilivyoshikana viachane kwa salama. Nami naona kwamba historia yote ya sanaa hii ni historia ya watu waliokuwa wakijifunza mambo mawili, ambayo kuyasema ni rahisi na kuyatenda ni taabu kubwa: mahali pa kuanzia, na mahali pa kuachia.

Jicho la mtu mzima ni tufe lenye kipenyo cha milimita 24 hivi. Nyuma ya lenzi, sehemu kubwa ya tufe hilo imejaa ute safi usio na rangi, kiasi cha mililita 4, ambao takriban wote ni maji, ila umezuiwa usitiririke na nyuzi nyembamba mno za kolajeni zilizotandawaa ndani yake. Ukuta wa nyuma umetandikwa retina, tabaka ya neva ipokeayo nuru na kuigeuza kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Unene wake ni kama robo ya milimita, na katikati yake, mahali paitwapo makula, ndipo ulipo uwezo wa kusoma herufi, kutunga uzi katika sindano na kumtambua mtu kwa sura. Juu ya retina, upande unaogusana na ute, umetanda utando wa asili ambao kila mtu huzaliwa nao, na ambao matabibu huuita utando wa mpaka wa ndani. Unene wake ni maikroni 2 au 3 tu, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Msomaji auweke utando huu moyoni, maana tutaurudia.

Ute wa jicho haukai katika hali moja maisha yote. Ujana unapopita huanza kuyeyuka hapa na pale, nyuzi zake hukusanyika zikawa vijiwingu vinavyoelea mbele ya macho mtu atazamapo mbingu, hata siku moja, aghalabu baada ya umri wa miaka 50, ute wote hujivuta mbele na kubanduka kutoka kwenye retina. Kwa watu wengi jambo hilo hupita bila madhara. Lakini ikiwa ute na retina vimeshikana kupita kadiri, mabanduko hayo huweza kuichana retina pembezoni, maji yakaingia chini ya mchano na tabaka nzima ikaachana na ukuta. Au huweza kuivuta makula hata ikatoboka katikati. Au huacha juu ya retina mabaki ya ute pamoja na chembe hai, nazo chembe hizo hutambaa, huzaana, na kufuma utando mpya ambao haukuwapo. Utando huu mpya, uitwao utando wa juu ya retina, una tabia moja mbaya: hujikaza. Retina iliyo chini yake hukunjamana, kama kitambaa chepesi kinavyojikunyata uzi wake mmoja ukivutwa, na mgonjwa akifumba jicho zima huona mwimo wa mlango umepinda, mistari ya gazeti imepanda na kushuka, na vitu vimekuwa vikubwa kuliko vilivyo.

Kwa karne nyingi hapakuwa na dawa ya hali hiyo, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyethubutu kuugusa ute. Sehemu ya mbele ya jicho ilikwisha kujulikana zamani. Yapata miaka elfu moja iliyopita Ammar bin Ali al-Mawsili, tabibu mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Misri katika zama za khalifa al-Hakim, aliandika habari za kuunyonya mtoto wa jicho kwa sindano yenye uwazi ndani, fikra iliyowatangulia mno wenziwe, na ambayo, kama tutakavyoona, ilirudi kwa sura nyingine katika zama zetu. Lakini nyuma ya lenzi palikuwa haramu. Wanafunzi wa utabibu walifundishwa kwamba ute ukimwagika, jicho limekwisha. Hata Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, aliyewathibitishia wenziwe katika miaka ya 1920 kwamba retina hubanduka kwa sababu ya mchano na kwamba haiponi ila mchano huo uzibwe, alifanya kazi yake kwa kuchoma kutoka nje ya jicho kuelekea ndani, bila kuuondoa ute.

Aliyeivunja hofu hiyo kwanza alikuwa David Kasner wa Miami, Marekani, ambaye katika miaka ya 1960 aliwafungua konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, wagonjwa waliokuwa hawana tumaini, akauondoa ute uliochafuka kwa sifongo na mkasi, na macho yale hayakufa. Katika mji huo huo alikuwapo tabibu kijana kutoka Ujerumani, Robert Machemer, mwana wa tabibu wa macho aliyefia vitani, naye akajiuliza kama ingewezekana kuifanya kazi ile bila kulifungua jicho, kwa kupitia tundu dogo pembeni, huku umbo la jicho likihifadhiwa na maji yanayoingia kadiri ute unavyotoka. Majaribio yake ya awali aliyafanya pamoja na rafiki yake kwa keekee ndogo iliyozungushwa ndani ya mrija, na kitu walichokijaribia kilikuwa ute wa yai bichi, kwa kuwa nao ni mzito, hunyumbuka, wala haukubali kunyonywa bila kukatwa kwanza. Baadaye, kwa msaada wa mhandisi Jean-Marie Parel, alipata ala iliyokusanya kazi tatu katika mrija mmoja, yaani kukata, kunyonya na kurudisha maji, na tarehe 20 Aprili 1970 akaiingiza katika jicho la mgonjwa wa kisukari lililojaa damu iliyoganda kwa muda mrefu. Mgonjwa huyo aliona. Upasuaji wa namna hiyo unaitwa vitrektomi, na bila huo hakuna utando wowote wa nyuma ya jicho uwezao kufikiwa.

Ala ile ya kwanza ilikuwa na upana wa milimita moja na nusu, na kwa jicho huo ni upana mkubwa. Katikati ya miaka ya 1970 Conor O'Malley na Ralph Heintz wakazigawa zile kazi: tundu moja la kuingizia maji, la pili la taa, la tatu la ala ya kukatia, kila tundu likiwa chini ya milimita moja. Mgawanyo huo waonekana mdogo, lakini ndio uliompa mpasuaji mikono miwili ndani ya jicho, na sijui kama yamo mageuzi mengine katika fani hii yaliyokuwa na manufaa kuliko hayo. Tangu hapo matundu yamezidi kupungua. Mwaka 2002 Eugene de Juan na Gildo Fujii walileta ala za nusu milimita, na siku hizi zipo za milimita 0.4, ambazo tundu lake aghalabu halihitaji kushonwa.

Tuitazame sasa kazi yenyewe. Mgonjwa hulala chali, jicho limetiwa ganzi kwa sindano pembeni mwake, na mara nyingi huwa macho, akiyasikia mazungumzo ya chumbani pasi na kuhisi maumivu. Mpasuaji huketi upande wa kichwani, mikono yake ikiwa imeegemezwa ili isitikisike, mguu mmoja ukiitawala hadubini na mguu wa pili ukiitawala mashine ya kukata na kunyonya, hata mtu akiingia ghafla chumbani humo angedhani anapiga kinanda. Hupima milimita 3.5 au 4 kutoka ukingo wa konea, mahali ambapo lenzi haiguswi na retina bado haijaanza, akatoboa matundu yake matatu. Kwanza huuondoa ute. Mashine za siku hizi hukata maelfu ya mara kwa dakika moja, si kwa ajili ya haraka, bali ili kila kipande kiwe kidogo mno kiasi cha kutoweza kuivuta retina nyuma yake. Na kwa kuwa ute safi hauonekani, hupuliza ndani yake chembe nyeupe za dawa iitwayo triamsinoloni, nazo huzigandia nyuzi na kuzifichua, hata lile lililokuwa maji matupu machoni mwake likawa na umbo na mipaka.

Baada ya hayo huufikia utando, na hapo mwendo wote hubadilika. Jambo la kwanza ni kutafuta ukingo. Pengine utando umejiinua wenyewe mahali fulani, na picha zilizopigwa kabla ya upasuaji kwa mwanga wa OCT, chombo kilichoanza kuelezwa mwaka 1991 na ambacho huionyesha retina tabaka kwa tabaka kana kwamba imekatwa kwa wembe, humwambia tabibu mahali hapo ni wapi. Ikiwa hapana ukingo, hana budi kuufanya. Machemer mwenyewe alitumia sindano iliyopindwa ncha kuuchokoa utando. Wengi wa leo hutumia koleo ndogo ambayo midomo yake haizidi upana wa ncha ya kalamu, wakaubana utando kidogo mbali na kitovu cha makula, wakauinua kwa kadiri ya nywele, hata ukachanika na kutoa kipande cha kushikia. Akibana kwa kina kidogo mno, koleo huteleza; akibana kwa kina kilichozidi, hushika retina. Tofauti baina ya mambo hayo mawili haipimwi kwa nguvu ya vidole, maana vidole havihisi kitu. Utando ni mwepesi kiasi kwamba mvuto wake hauufikii mkono, na mpasuaji hutegemea macho peke yake.

Ukingo ukipatikana, shauri linalobaki ni la upande wa kuvutia. Asivute kwenda juu, kwa kuwa retina itafuata na kuchanika. Huvuta sambamba na retina, akiukunja utando nyuma juu yake wenyewe, kisha akauzungusha polepole kuizunguka makula, akiuachilia na kuushika tena karibu na mahali unapoambuka kila unapokuwa mrefu, na kwenye kitovu huvuta kutoka pembeni kuelekea katikati ili asikichane kiini chembamba cha makula. Walio mahiri huwaambia wanafunzi wao wasiitazame koleo, bali wautazame ule mstari ambapo utando unaachana na retina, kwa kuwa habari zote zipo hapo: retina ikigeuka nyeupe kidogo kando ya mstari, mvuto umezidi, vikitokea vijidoa vya damu, mishipa midogo imeguswa, navyo kwa kawaida hutoweka baada ya siku chache, utando ukikataa mahali pamoja, dawa si kuvuta zaidi bali ni kuhamia upande mwingine na kuja kinyume. Wakati wote huo taa haina ruhusa ya kukaa karibu mno, kwani mwanga wenyewe huweza kuiunguza makula iliyokuja kuponywa.

Nirudi sasa kwa utando ule wa asili niliomwomba msomaji auweke moyoni. Hadi miaka ya 1980 mtu aliyetoboka makula aliambiwa kwamba hana dawa. Donald Gass, tabibu wa Miami, alipendekeza mwaka 1988 kwamba kitundu kile hufanywa na mvuto wa ute unaoivuta makula kandokando, na ikiwa ndivyo, basi kuuondoa mvuto kungekifunga. Neil Kelly na Robert Wendel wa California wakaijaribu fikra hiyo, na mwaka 1991 wakatangaza kwamba katika macho 52 waliyoyapasua, vitundu vya macho 30 vilikuwa vimefungika. Wengi hawakuwasadiki mwanzoni. Kisha mwaka 1997 Claus Eckardt wa Ujerumani akaonyesha njia ya kwenda mbali zaidi: kuuambua utando wa mpaka wa ndani wenyewe kuzunguka kitundu, ili makula ilegee na kingo zake zikutane. Leo, kwa njia hiyo na zilizoifuata, zaidi ya vitundu tisa katika kumi hufungika.

Lakini mtu atauambua vipi utando wa maikroni 2 ambao ni safi kama hewa? Wapasuaji wa kwanza waliutambua kwa mng'ao tu, na wengi walibana retina wakidhani wamebana utando. Mwaka 2000 Kazuaki Kadonosono wa Japani na wenziwe wakaeleza namna ya kuutia rangi ya kijani, na kwa mara ya kwanza utando ule ukaonekana dhahiri, kijani mahali ulipobaki na wazi mahali ulipokwisha ondolewa. Furaha hiyo ilikuwa na gharama yake: ilikuja kubainika kwamba rangi ile, ikizidi nguvu au ikikaa muda mrefu, huidhuru retina. Ikatafutwa nyingine, na mwaka 2006 Hiroshi Enaida na wenziwe wakaleta rangi ya buluu inayoushika utando wa asili bila sumu iliyo dhahiri, ambayo ndiyo itumiwayo sana siku hizi. Tena ina faida ya ziada: haiushiki vizuri utando wa maradhi. Kwa hiyo tabibu akiona uwanja wa buluu wenye pengo lisilo na rangi katikati, hujua kwamba mle ndani ya pengo utando mbaya umefunika ule wa asili, na ukingo wa pengo hilo ndio ukingo aliokuwa akiutafuta. Baada ya kuuambua wa juu hutia rangi tena, na wengi huuondoa na wa chini pia, kwa sababu ukibaki huweza kuwa kitalu cha utando mpya kuota.

Kuhusu shauri hili la mwisho matabibu hawajapatana, nami nawaelewa wanaosita. Utando wa asili ni sehemu ya mwili. Umeshikamana na miguu ya chembe ziitwazo chembe za Müller, ambazo huitegemeza retina nzima, na retina iliyoambuliwa huonyesha baadaye vijibonde katika picha, ijapokuwa mgonjwa kwa kawaida havioni. Ndiyo sababu nauheshimu sana mtindo uliotangazwa mwaka 2010 na Zofia Michalewska pamoja na wenziwe wa Łódź, Poland, kwa vitundu vikubwa, vinavyozidi maikroni 400, ambavyo vilikuwa vikishindikana. Wao waliuambua utando kuelekea kitunduni, lakini hawakuumaliza. Waliuacha umeshikana na kingo za kitundu, wakaukunja juu yake na kukifunika. Kipande kile kikawa daraja la chembe kuvukia, na vitundu vilivyokuwa vimekataa vikafungika. Kwa miaka 13 watu walikuwa wameutupa utando ule kama taka, na kumbe ulikuwa na kazi ya kufanya.

Yaliyosemwa mpaka hapa ni habari za tando nyembamba na tulivu. Kisukari huleta kitu cha namna nyingine kabisa. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, mishipa midogo ya retina huziba. Retina inayokosa hewa hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya, nayo mishipa hiyo huota bila utaratibu, ikatoka juu ya retina na kuushika uso wa nyuma wa ute, ikaupanda kama unavyopandwa ukuta. Huvuja damu. Kisha kando yake hukua kovu, kovu hujikaza, na retina huinuliwa kutoka mahali pake. Utando wa namna hii haulali juu ya retina wazi tu, bali umepigiliwa kwa vigingi vingi, kila kigingi kikiwa ni fundo la mishipa yenye damu, na baina ya kigingi na kigingi iko nafasi. Anayeuvuta kama anavyovuta utando wa kawaida atatoboa retina kwenye kila kigingi, na retina ya kisukari iliyobanduka, iliyokonda na kukosa damu, ikitobolewa huwa shida kubwa kuliko ile aliyokuja nayo mgonjwa.

Kwa hiyo zikabuniwa njia mbili zilizofafanuliwa zaidi na Steve Charles wa Memphis, Marekani. Ya kwanza ni kuugawa utando: mkasi mdogo huingizwa katika nafasi zilizo baina ya vigingi na kuukata utando vipande vipande, hata kila kigingi kikabaki peke yake kama kisiwa kisichovuta kingine, na visiwa vingine huachwa hapo hapo, maana havina tena nguvu ya kudhuru. Ya pili ni kutenga tabaka: mkasi wenye makali yaliyolala hupitishwa sambamba chini ya utando, ukavikata vigingi vyenyewe kimoja kimoja, hata utando wote ukatoka. Ya kwanza ni ya hadhari zaidi, ya pili husafisha zaidi, na mpasuaji mwenye busara huzichanganya katika jicho moja, kwa kuwa mahali penye nafasi nyembamba hapapaswi kulazimishwa. Baadhi yao huingiza kwanza dutu nzito yenye mnato chini ya utando, ili dutu hiyo iuinue na kufungua njia kabla ya chuma. Wengine huongeza tundu la nne la taa iliyosimama yenyewe, ili mkono uliokuwa umeshika taa ushike koleo: mkono mmoja huuinua utando ukionyesha kigingi kilipo, wa pili hukikata. Damu ikitoka, shinikizo la maji yanayoingia huongezwa kwa muda mfupi ili mishipa ijifunge, na muda huo ni lazima uwe mfupi kweli, kwa sababu shinikizo hilo hilo huinyima damu neva ya jicho. Siku chache kabla ya upasuaji mgonjwa huweza kuchomwa jichoni sindano ya bevasizumabi, inayoinyausha mishipa mipya na kupunguza damu. Lakini asicheleweshwe baada ya hapo, maana mishipa ikinyauka, kovu hujikaza zaidi, na retina iliyokuwa imeinuka pembeni huweza kuinuka hadi makula katika siku hizo hizo za kusubiri.

Haya ni mambo yetu sisi pia. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, hapana mtaa usiokuwa na mtu wa kisukari, na masikitiko yangu ni kwamba hatua zote nilizozieleza, za mishipa kuota na vigingi kupigiliwa, hupita bila maumivu, mgonjwa akiendelea kusoma na kuendesha gari, ilhali miale ya leza ikipigwa wakati huo huweza kuizima mishipa ile kabla haijafuma chochote. Atakayekuja baada ya makula kuinuka atapata upasuaji wa saa kadhaa, mikononi mwa wachache waliofunzwa kazi hiyo, na faida yake haina dhamana.

Wako waliotafuta njia ya kuukwepa mkasi. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo okriplasmini, kimeng'enya cha kuchomwa ndani ya jicho ili kiyeyushe kile kinachoushikisha ute na makula. Iliwafaa takriban robo tu ya waliopewa, na upasuaji ukabaki pale pale. Wengine wameutafuta mkono usiotetemeka. Mkono wa binadamu, hata wa mpasuaji stadi aliyelala vizuri, hutetemeka kwa kadiri inayoweza kufika maikroni 100, na msomaji aulinganishe mtetemo huo na utando wa maikroni 2 au 3. Mnamo 2016, huko Oxford, Uingereza, Robert MacLaren aliongoza upasuaji wa kwanza wa kutumia roboti ndani ya jicho la mtu, na kazi iliyochaguliwa kuwa mtihani wake ilikuwa ni hii hii ya kuuinua utando wenye unene wa sehemu moja ya mia ya milimita kutoka kwenye retina. Ilifaulu. Mashine ile huuchuja mtetemo wa mkono, lakini mahali pa kuanzia bado huchaguliwa na mtu.

Utando ukiisha kutoka, retina haikunjuki siku hiyo. Makunyanzi hulegea kwa wiki na miezi, na uwezo wa kuona huongezeka polepole hata nusu mwaka na zaidi. Kupinda kwa mistari hupungua kwa wengi, lakini si wote wanaopona kabisa, na kwa sababu hiyo mtu ambaye utando wake ni mwepesi na bado anasoma vizuri huambiwa angoje na apimwe mara kwa mara. Aliyezidi miaka 50 aidha ajue kwamba lenzi yake, ikiwa ni ile ya asili, yaelekea kuingia mtoto wa jicho ndani ya miaka miwili baada ya vitrektomi, na huo nao utahitaji upasuaji wake, ulio rahisi zaidi.

Aliyezibwa kitundu au aliyekuwa na retina iliyobanduka hujazwa gesi jichoni ili iisukume retina mahali pake, na kwa kitundu cha makula huagizwa kukaa kifudifudi siku kadhaa, kwa kuwa gesi hupanda juu na makula iko nyuma. Gesi ya muda mfupi huisha kwa wiki mbili hivi. Ile ya kukaa zaidi huchukua wiki sita hadi nane, na mgonjwa huuona ukingo wake ukishuka siku baada ya siku. Muda wote huo asipande ndege, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, gesi hutanuka, shinikizo la jicho hupanda, na jicho lililookolewa kwa saa nyingi huweza kupofuka kwa saa moja. Wala asipewe nusukaputi ya oksidi ya nitrasi kwa maradhi mengine yoyote. Hatari hiyo si ya angani peke yake. Mtu akipasuliwa Mombasa, pwani, kisha akapanda basi kwenda kwake Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, gesi hutanuka njiani vilevile. Kwa hiyo tabibu mwangalifu, kabla hajachagua cha kujaza, humwuliza mgonjwa anakaa wapi na atarudi kwao kwa njia gani. Na asiyeweza kungoja hujazwa mafuta ya silikoni, ambayo hayatanuki hata mlimani, lakini hayatoki yenyewe, na baada ya miezi kadhaa aghalabu hana budi kurudi mezani ili yatolewe.